Kinga

Skuli tulifunzwa: kinga na kinga ndipo moto uwakapo.
Kinga ni kijiti kinachowaka, alisema mwalimu,
na neno lilo hilo, kinga, ni kuzuia shari.
Tukacheka. Leo nala kwa neno hilo.

Nyumba ya wageni ya Bi Thuwaiba, Kiponda:
ghorofa tatu za mawe na chokaa,
boriti za mikandaa zilizokauka kabla babu yake hajazaliwa.
Hapa cheche haingoji kualikwa.

Mtungi wa chini wameufanya kizuizi cha mlango.
Sindano iko kwenye kijani, alhamdulillahi,
lakini sindano haisemi yote.
Naupindua kichwa chini, natega sikio
nisikie unga ukiporomoka kama mchele guniani.
Kimya. Umeganda.

Kitambua moshi cha ukumbini hakipo.
"Kikilia tii, tii, usiku kucha,
nikadhani nyenje," asema Bi Thuwaiba.
Kumbe njaa ya betri.
Kakizonga kanga, kakitia kabatini chini ya mashuka.

Na darini, kwenye bomba jekundu,
kile nikipendacho: kidole cha kioo,
chembamba kuliko kalamu, tumboni maji mekundu.
Joto likifika nyuzi sitini na nane kinapasuka chenyewe,
na maji yaliyolala bombani yanaamka.
Hakina mshahara. Hakisinzii.
Fundi rangi kakipaka rangi pamoja na dari.

Ghorofa ya tatu, nyuma ya pazia, mtungi wa mwisho.
Napindua. Kimya tena.
Nasoma kadi: Umekaguliwa, Machi, mwaka jana.
Sahihi: Pandu Mcha.

Ni yangu.

Ilikuwa Ramadhani, saa tisa, kiu,
na ngazi hizi zimesimama kama ukuta.
Nikakaa barazani, nikajaza kadi sita,
mjukuu wake akapanda kuzitundika.
Hapakutokea kitu.
Na kazi yangu ndiyo hiyo, pasitokee kitu,
ndiyo maana uongo wangu ukafanana na kazi.

"Mzima huo?" anauliza kutoka chini.
Ulimi unanikauka kama siku ile.
"Huu, Bi Thuwaiba, hauzimi hata mshumaa.
Na mwaka jana sikupanda."

Hajibu. Nasikia kikombe kikiwekwa juu ya sahani.
Naubeba begani, nashuka nikihesabu ngazi,
thelathini na nane,
unga ulioganda, na jina langu juu yake:
kinga na kinga.