Safu ya Maoni

Kitanda cha tisa, Bukavu, mvua za Novemba.
Mzee Zihindula, muuza makala wa Kadutu,
kucha nyeusi hata baada ya sabuni.
Presha mia na tisini kwa mia na kumi.
Daktari akaongeza kidonge. Kesho yake, kingine.
Mimi nilikuwa mwanafunzi wa mwaka wa pili:
nilijua figo, nilijua moyo na vyumba vyake vinne,
nilidhani mtu ni jumla ya hivyo.

Zamu ya usiku ilikuwa ya Nsimire,
mwanamke mfupi, viatu vya mpira,
mwendo wa mtu aliyesahau kitu.
Hakuanza na mashine. Alianza na blanketi,
akalivuta hadi kwenye nyayo zilizobaki nje,
akamsalimu mzee kwa Kimashi, akamuuliza jina la mama yake,
akangoja jibu.
Akangoja kweli,
nami natazama saa, wagonjwa ishirini na wawili bado.

Kisha mashine. Kisha kalamu.
Chati yetu ina safu ya mwisho, nyembamba kama kidole,
imeandikwa Maoni. Hakuna aliyekuwa akiijaza.
Yeye aliijaza. Siku tatu sikuchungulia.
Siku ya nne umeme ulikatika, nikasoma kwa tochi ya simu:

*Saa mbili, mia na hamsini na tano. Kukavu.*
*Saa sita, mia na tisini na nane. Mvua juu ya bati.*
*Saa kumi, mia na sitini. Imekatika.*
Na usiku uliofuata: mvua. Mvua. Mvua.

"Kwani mvua ni dalili?"
"Sijui. Muulize mwenyewe. Ila kaa kwanza.
Mtu hamfungulii nyumba yake aliyesimama na funguo mkononi."

Nikakaa. Kitanda kikalia.
Mzee akatazama dari kama anayehesabu misumari,
halafu nyumba yake ikatoka, kidogo kidogo:
mteremko wa udongo mwekundu nyuma ya choo cha jirani,
ukuta wa magunia ya mchanga, ngazi zilizochongwa kwa jembe,
wajukuu wawili wanaolala upande wa mlima,
Mugisho wa miaka sita, na Nabintu anayenyonya kidole.
Mwaka juzi udongo ulishuka usiku, ukachukua jiko
na mama yao aliyekuwa akifunika moto.
"Mimi ndiye ninayeusikia," alisema.
"Udongo hutoa sauti kabla.
Hapa nasikia bati tu.
Kule nani anawasikilizia?"

Sikuwa na sindano ya hilo.

Asubuhi Nsimire hakwenda kulala.
Alipanda Kadutu kwa miguu, akarudi na kamba ya kiatu imekatika,
matope hadi magotini, na kijiwe mfukoni.
Watoto wamehamia kwa dada wa mgonjwa wa kitanda cha saba,
nyumba iliyokaa juu ya mwamba.
"Nabintu amekuletea. Ni kipande cha mahali wanapolala."
Mzee alikipima kiganjani kama anavyopima makala,
akakigonga kwenye chuma cha kitanda,
akasikiliza.

Usiku huo ilinyesha kama kawaida ya huku, bila adabu.
Mia na sitini na sita.
Si muujiza. Vidonge alimeza vyote, Nsimire alihakikisha,
na sombe isiyo na chumvi aliila kwa hasira.
Lakini alilala, kinywa wazi, ngumi imefumbata jiwe.

Daktari aliigeuza chati mara mbili, hakusema kitu.
Ila tangu siku ile, kila asubuhi mlangoni huuliza:
"Jana ilinyesha?"

Nami nina zamu zangu sasa.
Juzi mawingu yakafunga ziwa, bati likaanza,
nikamkuta Nsimire dirishani, vidole viwili shingoni,
anahesabu mshipa wake mwenyewe.
Miaka miwili tumefua damu kwenye beseni moja,
sijawahi kumuuliza anakaa wapi.

Nikavuta kiti.