Daftari la Vipimo

Hapa Bombo, barazani kwangu, jirani na duka la mafuta ya taa,
nina daftari la jalada kijani
ambamo mtaa mzima umegeuka tarakimu.
Mimba, harusi, uzee:
vyote nimevipima kwa inchi.

Nabukalu yumo ukurasa wa tisa.
Gomesi ya kumwoza bintiye, kitambaa cha zambarau:
kifua arobaini na mbili,
kiuno arobaini,
mkono wa juu kumi na tano.
"Ongeza, fundi," alicheka.
"Mimi mpishi. Lazima nionje."

Miaka ishirini na sita alipikia shule ya msingi,
uji alfajiri, posho na maharage mchana,
sufuria pana kama kitanda cha mtoto,
jiko la kuni lisilo na bomba wala dirisha.
Moshi ulitokea mlango uleule
alioingilia yeye.

Alirudi akiwa na gomesi ileile kwapani.
"Ipunguze."
Kiuno thelathini na nne. Mkono kumi na moja.
Kifua arobaini na mbili.
Nikapima tena, nikidhani utepe umeteleza.
Arobaini na mbili.
Mbavu zilikuwa zimeinuka na kubaki huko juu,
kama mtu aliyevuta pumzi kwa mshtuko
akasahau kuishusha.

Sokoni walikwisha kumhukumu.
Kwetu mtu akikonda, jina la ugonjwa halingoji maabara:
silimu, walinong'ona, huku wakimchagulia nyanya.
Alipima damu mara tatu. Hana.
Alitema makohozi kikoponi mara mbili. Si kifua kikuu.
Mkwewe alileta dawa ya minyoo.
Mimi nami, na ujuaji wangu, nikampa samli.

Ni muuguzi mmoja, binti wa Kilugbara mwenye sauti ya chini,
aliyempandisha kwenye mizani, kilo arobaini na moja,
kisha akamuuliza jambo ambalo hakuna aliyeuliza:
"Mama, ulikuwa unapikia wapi?"

Siku ile alikuja kunieleza, ameketi kwenye kibao changu,
midomo ameikunja kama anayepoza chai.
Maneno matatu, anapumzika.
Maneno mawili.
"Wewe unapumua bure, fundi.
Mimi nalipa.
Kila pumzi ina nauli yake.
Hata nikilala,
mbavu zinalima usiku kucha.
Matooke hayajafika tumboni,
kifua kimeshayala."

Na kula kwenyewe ni kupanda mlima.
Tumbo likijaa, pumzi inakosa pa kukaa.
Basi sahani ndogo, mara sita kwa siku:
yai, karanga za kusaga, parachichi,
apumzike kwanza ndipo ainue kijiko.
Yeye aliyegawa kwa koleo
chakula cha watoto mia tano
sasa anajihesabia vijiko.

Gomesi ni vazi lenye siri.
Mabega husimama yenyewe
hata mwenyewe akiinama,
na mshipi hufunga kiuno kilichopo na kisichopo.
Niliishika ile zambarau, mkasi mkononi,
nikatafuta pa kuanzia.
Akanigusa kiganja.
"Usikate. Kunja ndani."

Nimekunja. Inchi sita za kitambaa
zimelala ndani ya mishono, zinamngoja.
Juzi nilimpima bila kuombwa:
mkono kumi na moja na robo.
Sikusema kitu. Yeye alisoma mwenyewe, kichwa chini,
akauliza bei ya vifungo.

Jana ameingia mwanamke mgeni,
kijana, mnene, jivu kwenye nyusi.
Mpishi mpya wa shule.
Kifua thelathini na nane, kiuno thelathini na sita.
Alikohoa kidogo, akaangalia pembeni.
"Ni vumbi tu la barabarani," akasema.
Nikamwambia anavyopaswa kwenda kumwona yule muuguzi.
Akacheka, akaomba niongeze inchi mbili.

Nimeziongeza.
Kisha, kinyume na desturi yangu ya kubana karatasi,
nimempa ukurasa mzima.