Maneno Mia Tatu

Nina miaka kumi na tisa na huku wananiita Mzee.
Kibao cheusi kifuani kinashuhudia: Mzee Ostler,
mzee asiye na ndevu, aliyefua soksi zake
kwa mara ya kwanza, zote zikatoka rangi ya waridi.

Provo, mwezi wa pili. Theluji imelala milimani
kama shuka ambalo hakuna aliyelikunja.
Kengele hulia saa kumi na mbili na nusu.
Mwenzangu Vainikolo, Mtonga wa Salt Lake,
hupiga magoti hadi sakafu ikanung'unika,
kisha hunisukuma kwa kidole cha mguu: Amka, Mfini.

Mfini! Ufini sijauona.
Nimeona viazi vya Blackfoot, Idaho,
na miguu ya baba ikichomoza chini ya trekta.

Dada Hietala, mzaliwa wa Oulu, anaandika ubaoni
nomino moja, anaivika mikia kumi na mitano:
nyumbani, kutoka nyumbani, kuelekea nyumbani, bila nyumba.
Huo wa bila niliushika siku ileile.

"Lugha hii," akasema, "haina wakati ujao.
Kesho husemwa kwa kitenzi cha leo."
Vainikolo akanyosha mkono: "Sasa mtu anaahidije?"
Akageuza chaki vidoleni.
"Anakuja tu."

Alasiri hujifunga kitambaa kichwani, akawa Bibi Aune,
mjane, nasi tukambishia hodi
kwenye mlango wa stoo ya mafagio.
Akatusimulia habari za Eino, mumewe,
alivyokwenda kuvua juu ya ziwa lililoganda
mwezi Machi, barafu imeshaanza kusema uongo.
Nilijua ni igizo. Koo likakauka hata hivyo.
Kule kwetu kanisani maneno sikuwahi kuyatafuta,
yalinitoka yamepigwa pasi, mengi ya kuazima
kwa mjomba Delwyn, mwenye sala za robo saa.
Hapa nina mia tatu, na nusu yake ni vyakula.
Nikapapasa, nikapata: Tapaan sinut huomenna,
kesho ninakutana nawe.
Ila ile a sikuivuta.
Tapan sinut huomenna.
Nimemwambia mjane kesho ninamuua.

Vokali moja tu, kama ile iliyo kati ya kufa na kufaa.

Dada Hietala alicheka mpaka kitambaa kikaanguka.
Akacheka, akafuta macho, akaendelea kuyafuta
muda mrefu kuliko kicheko chenyewe.
Akasema Eino ni jina la babu yake.
Vainikolo akatazama mafagio. Mimi nikatazama viatu.

Usiku ule niliomba kwa Kifini, taa imezimwa.
Kwa maneno mia tatu huwezi kuremba,
na uongo, nilivyoujaribu, ulihitaji sarufi ya juu:
Kiitos. Asante kwa mkate.
Asante kwa Vainikolo, ingawa anakoroma
(kukoroma sikukujua, nikaigiza sauti).
Baba yangu hasali.
Baba yangu ni mzuri.
Sijui.
Sijui. Aamen.

Jumatatu, siku ya kufua, ikaja barua ya baba.
Theluji inayeyuka. Pampu ya tatu imekufa.
Basi. Na jina lake lote, kama mtu anayesaini hundi.
Niliisoma mbele ya mashine inayozunguka
nikahesabu: naye ana mia tatu,
miaka yote hii nilidhani ni ukimya.

Wiki ya tisa, uwanja wa ndege, simu ya dakika tano.
Upande wa pili injini inazimwa.
Anapumua. Ninapumua.
"Haya, sema kitu. Kwa lugha yao."
Nikaivuta ile a taratibu, kama waya wa uzio
unaoweza kukatika ukarudi usoni:
"Tapaan sinut."
"Maana yake?"
"Ninakutana nawe."
"Lini?"

Vainikolo yuko getini, amebeba mifuko yetu yote miwili,
ananipungia kwa kidevu.

"Haisemi, baba."