Doa la Jozi

Nilivuka Lowari juu ya lori la vitunguu,
begani maneno mia mbili na kumi ya kuulizia
na karatasi ya visanduku:
weka alama moja tu.
Ofisi ya Peshawar inataka kujua
lugha ya bonde hili ni mtoto wa nani.

Bakhtbibi alikuwa juu ya paa, akimenya jozi,
vidole vyeusi hadi vifundoni
kwa utomvu wa maganda mabichi.
Hakuuliza mimi nani.
Aliuliza kama najua kumenya.

Nikamwambia, wataalamu huwaita nyinyi Wadardi.
"Dardi?" Akamgeukia mkwewe.
"Si ndiyo maumivu, kwa Kiurdu cha redio?
Mwandike kwamba naumwa goti.
Lugha haijaniuma."

Tukaanza. Moyo. Machozi. Maji. Jiwe.
Aliyataja kama mtu anayehesabiwa mbuzi wa jirani.
Tulipofika kwenye namba,
hamsini yake ilikuwa ishirini mbili na kumi,
nikaruka: hata sisi Gilgit!
Nikataka kuandika ndugu,
kisha nikawakumbuka Waburusho wa juu yetu,
ambao lugha yao haijapata ndugu popote,
nao huhesabu hivyo hivyo, ishirini kwa ishirini.
Nikafuta.

Mimi mwenyewe ni msemaji wa Kishina.
Katika ule mchoro wa mti
Kishina ni kitawi chembamba, upande wa kulia, karibu na ukingo.
Shina kuitwa tawi!
Nilicheka peke yangu, Bakhtbibi akadhani
jozi imenibana kidole.

Siagi?
"Hilo si letu. Lilikuja na bibi yangu kutoka Dir,
na mbuzi saba, na kikohozi."
Daraja?
"La watu wa Chitral. Daraja lenyewe pia walijenga wao,
ndiyo maana limekwenda na maji."
Tusi?
Akatazama mlango. "Kipashto. Kinatosha."

Chini, Gulnashin, mkwe kutoka ng'ambo ya Kunar,
alikuwa akiigombeza sufuria kwa lugha ya kwao.
Mtoto akamjibu kwa lugha ya nyanya,
akaniomba kalamu kwa lugha ya uwanja wa shule.
Ana miaka sita. Hajui kama amevuka mpaka.

Wapo wasemao Kidardi si ukoo, ni ujirani:
watu walioota moto mmoja
theluji baada ya theluji
hadi wakafanana namna ya kukohoa.
Mkuu wangu alifanya kazi Kaukazi,
anasema kule nako kila bonde lina kufuli lake,
na funguo amezificha mama mkwe.
Undugu ni kufaana, si kufanana, husemwa;
lakini karatasi niliyopewa
inauliza kufanana tu,
na haina mahali pa kuandika
nani alimkopesha nani chumvi mwaka njia ilipofungwa.

Neno la mia mbili na nne lilikuwa kubembeleza.
Akanyamaza.
Akameneneka jozi mbili, tatu, zikawa nzima.
Kisha akalisema polepole, kwa sauti iliyopanda mwishoni,
na sikuwa na alama ya kuandikia kupanda kule.
Sikumwomba arudie.

Jioni alinipokonya karatasi
aone jinsi alivyoandikwa.
Hajui kusoma. Aliigeuza, akaipima uzito,
akabonyeza kidole gumba katikati ya visanduku:
"Hapa ndipo tulipo?"

Utomvu wa jozi hautoki kwa sabuni.
Doa limeziba kisanduku cha tatu, cha nne,
na nusu ya kile cha wasiojulikana.
Ofisini walidhani ni chai.
Wamenirudishia, na kijibarua kifupi:
jaza upya, kwa usafi.

Iko mezani. Theluji imefunga Lowari.