Mshika Sifuri

Kazi yangu katika Manispaa hii ya Tabora
ni kushika sifuri.
Bwana Kasubi hushika namba, mimi hushika sifuri:
nachuchumaa getini, shule ya msingi, Isevya,
naikandamiza ncha ya futikamba kwa dole gumba
naye anakwenda kinyumenyume na utepe.
Hamsini. Piga msumari. Njoo.
Hamsini nyingine.

Sheria ndogo ina kurasa kumi na nne na muhuri wa zambarau.
Inasema ugoro, tumbaku ya kusokota, sigara za rejareja,
visiuzwe ndani ya mita mia mbili kutoka shuleni.
Haisemi shule inaanzia wapi.
Getini? Ubaoni?
Au kwenye choo kile kipya
kilichojengwa nje ya uzio, fedha zilipobaki?
Nilimwuliza Bwana Kasubi.
Akasema, "We shika sifuri."

Mita mia moja tisini na saba
na upana wa kiganja:
hapo ndipo ilipokuwa meza ya Nyamizi.
Ugoro ndani ya makopo ya maziwa,
kijiko cha chai kimefungwa kamba kisitembee,
asali ya nyuki wakubwa kwenye chupa za pombe kali,
pilipili mafungu matatu.
Hakulia. Hakutuapiza.
Alishika meza pembe mbili, mwanawe pembe mbili,
wakaisogeza hatua nne, makopo yakigongana,
na sasa yuko mbele ya nyumba ya jirani,
na jirani anadai kodi ya kivuli.

"Na lile?" akauliza, akionyesha kwa kidevu
ghala la tumbaku, lenye mapaa marefu kama mabehewa.
Msimu wa soko harufu yake huingia darasani bila hodi,
hukaa dawati la mbele,
na watoto hupiga chafya katikati ya saba mara nane.
Bwana Kasubi alifunua kurasa. Akazifunga.
"Lile lina kitabu chake."

Alasiri mgambo wakaleta gunia.
Nyuma ya ofisi ya kata: mafuta ya taa, kiberiti.
Tulisimama kule upepo unakotoka,
wote, isipokuwa mgambo mmoja
aliyechagua kule unakokwenda, macho kayafumba.
Nikauliza, hii nayo ni mita ngapi?
Mwanasheria, aliyekuja kusaini kuwa imeungua, akacheka:
"Bangi haina mita, kijana.
Hairuhusiwi popote, kwa hiyo haipimwi."

Basi nikamkumbuka yule mwenye kofia ya sufu, hata jua la Oktoba.
Hana meza. Hana kopo, hana leseni ya kunyang'anywa.
Anauza kwa kupeana mkono,
hatua thelathini kutoka pale ninapochuchumaa,
na kila asubuhi hunisalimu:
"Za kazi, mzee wa sifuri?"
Tabora ameipima kwa nyayo:
geti hadi tundu la uzio,
tundu hadi reli,
reli hadi pale taa za barabarani zinapokoma.
Kwenye ramani yetu pale pameandikwa
*eneo la wazi.*

Jioni Bwana Kasubi alikunja utepe, akaufuta matope kwa leso,
akarudi hadi meza ya Nyamizi,
akanunua ugoro wa mia mbili.
Aliubana chini ya mdomo, akahesabu hatua kwa jicho.
"Hapa ni halali," akaniambia, kama aliyeulizwa.
Nyamizi alimrudishia chenji bila kumtazama.

Mimi nilinunua asali.
Dole langu lina mchirizi mwekundu wa chuma cha ncha,
mwanangu hudhani nimejikata.

Kesho tunakwenda Kakola.
Shule ya kule, nasikia, haina uzio wala geti,
watoto hutokea pande zote, kama mvua.
Sijui sifuri nitaiweka wapi.