Haishiki Maji

Hakimu alikuwa mgeni, wiki ya pili kisiwani,
bado ajipepea kwa mafaili ya watu.
Akasema kwa Kiingereza msemo wa kawaida,
ule wausemao hoja ikiwa na tundu,
nami mkalimani, nalipwa kufikisha,
nikaufikisha na mifupa yake:
“Mama, hoja yako haishiki maji.”

Bi Mwanakheri Shekuwe wa Mkomani
akanigeukia mimi, si hakimu.
“Haishiki mai? Nani kakwambia haishiki mai?”

Maana kesi yenyewe ilikuwa birika.
Jirani yake, Famau Lali, adai linavuja,
ukuta wake umeota chumvi, boriti zimelowa,
livunjwe, apate pa kuweka
bafu la wageni wake wa kulipia.

Ningeweza kueleza. Ningesema, ni msemo tu, mama,
wenzetu hoja kwao ni ndoo,
sisi yetu twaijenga, twaitia nguzo,
huenda ikaanguka lakini haivuji.
Sikusema. Sijui kwa nini.
Labda ni lile jicho lake.

“Ndooni,” akasema, “ndooni muone.”

Tukaenda, hakimu na viatu vyake vya ngozi,
karani, Famau, fundi wa Famau na kamba yake ya kupimia,
tukajibana ukutani kupisha punda wa saruji.
Birika lilikuwa la chokaa, kongwe, limepakwa
na mikono iliyokwisha kuoza.
Ndani samaki wawili, wadogo kama kucha,
kazi yao kula viluwiluwi vya mbu.
Akatwaa kaa la jikoni, akapiga mstari
pale maji yalipofika.
“Hoja yangu ndiyo hiyo. Rudini kesho.”

Kesho yake maji yalikuwa chini ya mstari.
Famau akakohoa kikohozi cha ushindi.
Hakimu akanitazama, kana kwamba nitafsiri kimya.

Bi Mwanakheri akainama, akapima kwa kidole.
“Chanda kimoya. Andika,” akamwambia karani,
“andika vizuri, usipunguze.
Nalitawadha alfajiri.”

“Una shahidi?”

Nikamfikishia. Akamtazama hakimu
kama mtoto aliyeuliza chumvi ni ya nini.
“Mwambie, ningetayamamu kwa mtanga
na mai ni haya?”

Hilo nililitafsiri polepole,
nikaeleza udhu, nikaeleza mchanga,
jasho likinitoka mpaka kwenye soksi.
Hakimu hakuandika kitu. Alikitia kidole chake
majini, samaki wakakimbilia pembeni,
akakitoa, akakitazama kinavyodondosha.

Hukumu imeahirishwa hadi mwezi ujao.
Famau ameleta fundi wa pili, kutoka Malindi.
Mstari wa kaa bado upo, nasikia,
na kila asubuhi Bi Mwanakheri hujaza
kidole kimoja alichokitumia,
kisha hukaa kitako, akangoja aulizwe.