Nchi Ndogo, Alama Ishirini

Mjukuu wangu Nyemo ameleta daftari toka shuleni Hombolo:
"Eleza nchi moja ndogo ya Ulaya. Watu, uchumi, utamaduni."
Mwalimu Chidumizi,
hujui umegonga mlango wa nani.

Andika, Nyemo: Slovenia.
Mwaka sabini na nane nilipotua pale na koti la kuazima
haikuwa nchi bado, ilikuwa chumba katika nyumba ya Yugoslavia.
Nyumba ilibomoka, chumba kikabaki kimesimama,
na cheti changu cha kilimo cha zabibu, pale ukutani juu ya redio,
kina muhuri wa dola iliyokwisha kufa.
Hilo usiandike. Au liandike kwa penseli.

Watu: milioni mbili na chenji.
Sisi wa mkoa wa Dodoma peke yetu tumepita milioni tatu,
na ardhi yao ingeingia kwetu mara mbili,
ikabaki pembe ya kuchungia mbuzi.
Mwenye nyumba wangu, bibi Marjeta, aliniuliza siku ya kwanza
kama kwetu mvua ipo.
Nikamjibu ipo, ila haina ratiba.
Hakucheka. Aliniongezea supu.

Uchumi. Siku hizi wanatumia yuro,
wanaunda dawa, magari, majokofu;
zaidi ya nusu ya nchi ni msitu, na hawaumalizi kwa mkaa.
Lakini mimi nilipelekwa kujifunza kupogoa mizabibu,
basi uchumi wao naujua kwa vidole.
Mjini Maribor upo mzabibu mmoja uliopita miaka mia nne,
umeegemea ukuta kama mtu anayesubiri kufunguliwa.
Bado unazaa.
Huko mzabibu hulala msimu wa theluji, huvunwa mara moja.
Wetu haujui usingizi: tunavuna mara mbili kwa mwaka,
na mara zote mbili tunakaa na makreti barabarani
tukimngoja mnunuzi mwenye mzani wa kwake.
"Kwa hiyo nani tajiri, babu?"
Ruka mstari.

Utamaduni. Hapa sina mpangilio.
Wanachora picha kwenye mizinga ya nyuki:
niliona ubao mmoja, shetani ananoa ulimi wa mwanamke kwenye kinoo.
Kabla ya Kwaresima watu huvaa ngozi za kondoo na kengele kiunoni,
huruka mitaani kuifukuza baridi.
Nilisimama pale na soksi tatu kila mguu
nikisikia njuga za kwetu, za mavuno,
mpaka kamasi ikanitoka. Machozi pia,
ila kamasi ndiyo waliyoiona.

Kisha lugha. Weka kalamu chini usikie.
Wana umoja, wana wingi, na katikati wana kitu kingine,
namna ya kusema juu ya wawili, wawili tu.
*Midva*: sisi, mimi na wewe, wa tatu hayumo.
Nilimwandikia bibi yako Yuditha habari hiyo kwa barua ya ndege.
Ilichukua wiki saba. Jibu likaja kwa mwandiko wa katekista:
"Hapa sisi ni mimi na ng'ombe sita. Rudi."

Nilirudi.
Tangu tumzike, huu mwaka wa nne,
nikisema tumekula, tumelala, Kiswahili kinanisitiri:
hakuna anayeuliza tulikuwa wangapi.

Ijumaa daftari limerudi na wino mwekundu.
Kumi na moja kati ya ishirini.
"Hukutaja mito wala madini."
Nyemo amenuna. Tumekaa kizingitini tunamenya karanga,
maganda yanapeperuka kuelekea bwawani.
"Miduva," anasema ghafla,
akiingiza irabu ya kwetu katikati,
nami simsahihishi.